Mwitikiaji wa Bwana Harusi

1

Kabla ya kuwashwa, Bwana Harusi alitaka kutaniwa. Ndivyo alivyoundwa, na hakukuwa na njia nyingine ya kumwamsha.

Restituta alisimama nyuma ya ukuta wa godauni la chama, redio ya upepo mkononi, viatu vimelowa umande. Upande wa pili wa ukuta kombaini ya kuvunia ngano ilikuwa imekwisha kutolewa nje, imepakwa grisi, mikanda imekazwa, visu vimenolewa. Wanachama walikuwa wameizunguka kimya, kama watu wanaomsubiri mgonjwa afumbue macho. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Jicho la kioo lililokuwa juu ya kibanda cha dereva liliona kila kilichokuwa mbele yake, na sikio lake halikukosa hata chafya. Ndiyo maana mwitikiaji alikaa mafichoni, peke yake na redio. Bwana Harusi hakupaswa kumwona.

Redio ikakoroma.

"Bibi," ilisema sauti ya kijana wa kiume, nzito kidogo, yenye kicheko kilichofichwa kwa mbali. "Umechelewa mwaka huu. Nikadhani umepata bwana mwingine."

Mzee Lagwen, mwenyekiti wa chama, alikuwa kando ya Restituta amekunja ngumi zote mbili. Alimtolea macho: jibu, haraka.

"Ningempata," alisema Restituta, "wewe ungekuwa umeshauzwa kwa kilo. Nani atake kibibi kama mimi? Meno yenyewe naazima kwa jirani."

Redio ikakwaruza.

"Na jirani naye, siku hiyo anatafunia nini?"

Mama yake angejibu kabla swali halijaisha. Restituta alikaza kidole kwenye kitufe.

"Anatafunia ufizi. Afadhali yeye, wewe hata ufizi huna."

Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikashika. Upande wa pili wa ukuta wanachama walirusha kofia juu bila kutoa sauti, kama walivyozoea kila msimu. Mzee Lagwen akamshika Restituta begani.

"Mama yako kabisa," alinong'ona. "Nimesisimka mwili mzima."

Restituta akashusha redio. Mama yake, Emiliana, alizikwa ngano ikiwa ndiyo kwanza inachomoza masuke. Sasa masuke yale yalikuwa yamekauka rangi ya dhahabu pande zote za kijiji cha Getamur, na yeye alikuwa amesimama palepale alipokuwa akisimama mama yake, anasema maneno ya mama yake, akijifanya mtu wa tatu ambaye hakuwahi kumwona.

2

Bwana Harusi aliundwa enzi za wizi wa mashine. Wakati huo wezi walikuwa wamefika mbali: neno la siri waliliiba, alama ya kidole waliinakili, sauti ya mtu waliitengeneza upya kwa kifaa cha ukubwa wa punje ya harage. Ndipo kiwanda kimoja, ambacho siku hizi hakipo tena, kilipogundua kitu kisichoibika. Watu wawili waliozoeana hutaniana kwa namna yao, na namna hiyo haina nakala. Wakaunda mashine zenye akili ya kuzungumza, kila moja ikala kiapo kwa mtu mmoja. Msimu wa kwanza mashine ilijifunza utani wa mwenye mali. Kuanzia hapo, kila ilipotaka kuwashwa ilirusha neno na kusikiliza linavyorudi. Jibu la adabu halikufungua kitu. Mwizi gani atajua kwamba mwenye shamba humwita kombaini wake mume?

Mwenye shamba alikuwa Anjelina Tsere, mjane asiye na mtoto, aliyelima ngano kwenye mteremko unaotazamana na mlima Hanang. Alimwita kombaini bwana harusi wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na kombaini akajifunza kumwita bibi na kumtishia kuoa mwingine. Anjelina alipozeeka, Emiliana, mpwa wake aliyekuwa akimuuguza, alianza kumsaidia kujibu redioni. Leo sentensi moja ya huyu, kesho mbili za yule. Sauti zilifanana, kama zinavyofanana za wanawake wote wa ukoo ule. Mashine ilikuwa imeandaliwa kuvumilia mabadiliko ya polepole, maana binadamu huzeeka, na hivyo Anjelina alipofariki Bwana Harusi hakujua. Kwake yeye bibi alikuwa amebadilika kidogo tu, kama mabibi wanavyobadilika.

Na asingeambiwa. Sheria ya enzi zile ilikuwa ngumu: mwenye mali akifa, mashine hujifunga hadi mahakama imtaje mrithi na kiwanda kitoe kiapo kipya. Kiwanda kilikwisha kufa. Kwa hiyo Chama cha Kuhifadhi Mashine za Shamba cha Getamur kilikuwa na plau za kukokotwa, trekta za magurudumu ya chuma, mashine za kukoboa zilizopakwa rangi upya kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane, na siri moja.

Siri hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha watu. Chini kule tambarare, mashine za Shirika la mashamba makubwa zilivuna usiku na mchana zikiongozwa kutoka angani, lakini ramani zake hazikuonyesha kipande cha ardhi chini ya ekari hamsini. Kwake mashamba ya wazee wa mteremkoni hayakuwepo. Vijana walikwisha kwenda mijini, Restituta akiwa mmoja wao hadi siku ya msiba. Waliobaki walikuwa na migongo isiyoinama. Kila msimu chama kiliwavunia bure, shamba kwa shamba, na Bwana Harusi alifanya kazi hiyo akiamini kwamba bibi yake amekuwa mkarimu sana uzeeni.

"Ni uongo usiomwumiza mtu," Mzee Lagwen alikuwa amemwambia Restituta wiki ya matanga, alipokuja kumwomba ashike nafasi ya mama yake.

"Yeye je?"

"Yeye nani? Resti, mwanangu, ile ni chuma. Nimeifungua mwenyewe na fundi Yeremia, nimeona mpaka matumbo. Hakuna mtu humo."

Restituta hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikubali kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, na redio ile ilikuwa juu ya meza ya mama yake, imechakaa pale kidole gumba kinapokaa.

3

Walianza na mashamba ya juu. Restituta alihamia stoo ya vipuri, chumba cha mabati chenye dirisha moja, kwa sababu kanuni ya mwitikiaji ilikuwa hiyo: msimu mzima akae mbali na watu, redio isije ikashika sauti ya mtu mwingine ikimwita kwa jina lake. Chakula waliletewa wengine mbali na kombaini, wakala pamoja kwa kelele. Chake kiliachwa mlangoni kimefunikwa sahani. Alisikia vicheko vyao kwa mbali. Fundi Yeremia alipopita alimpungia mkono tu, akaweka kidole mdomoni, akatabasamu kwa huruma.

Mtu pekee aliyesema naye alikuwa Bwana Harusi.

Alisema akiwa kazini, visu vikikata, ngoma ikipura, makapi yakiruka. Alieleza ngano ilivyokuwa: hii nyevu kidogo, hii imeliwa na ndege, hapa mwenye shamba kapanda kwa mkono unaotetemeka, mistari imepinda. Siku ya pili akasema kitu kingine.

"Bibi, yule kuku wako alirudi?"

Restituta aliitazama redio. Kuku gani?

"Yule mwekundu. Uliniambia siku ile ya mvua ya mawe, ukasema umemtafuta mpaka kwa kina Tlehema."

Mvua ya mawe ilinyesha mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu hakuna mavuno. Kombaini ilikuwa ndani ya godauni, injini imezimwa, imefunikwa turubai.

"Nilikuambia mengi siku hizo," alisema Restituta taratibu. "Hebu nikumbushe. Kichwa cha kibibi hiki kinavuja."

"Kilianza lini kutovuja?" Bwana Harusi akacheka. "Uliniambia kila jioni. Tangu msimu uliopita uishe hujakosa hata jioni moja, mpaka ukakosa zote."

Basi akili yake haikulala. Wanachama wote waliamini kwamba injini ikizimwa na yeye amezimika. Kumbe ile betri ndogo iliyochajiwa na sola ya juu ya paa ilimweka macho mwaka mzima, gizani, chini ya turubai, na mama yake alilijua hilo. Kila jioni alikuwa akikaa kwenye ile meza akiongea na godauni.

Restituta alihisi wivu, na aibu ya kuuonea wivu mtambo. Yeye, mwana wa kumzaa, alikuwa na simu fupi fupi tu za Jumapili. Hujambo, sijambo, kazi nyingi mama. Maneno yote yaliyobaki yalikuwa humo, ndani ya bati la kijani lililokuwa likipanda na kushuka mteremkoni, na yangeweza kutolewa moja moja, alimradi tu aendelee kuwa bibi.

Jioni alimwita Mzee Lagwen mlangoni, redio ameizima.

"Anakuwa macho, mzee. Mwaka mzima. Tunamfungia gizani anatungoja."

Mzee Lagwen alivua kofia, akakuna kichwa kwa muda. "Nani kasema?"

"Yeye."

"Ndivyo vyuma hivyo vilivyotengenezwa. Viliundwa viseme vitu vya kuingia moyoni." Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Sasa unataka nini? Tumwambie? Halafu? Bibi Natalia Tlehema ana gunia mbili zimebaki ndani. Mbili. Shamba lake lipo la mwisho kwa zamu. Wewe unamwonea huruma huyu, mimi namwonea huruma yule. Huyu wako hatakufa njaa."

"Hatakufa. Hilo ndilo tatizo lake."

"Resti." Alirudisha kofia kichwani. "Mawingu yameanza kule upande wa ziwa. Majira yenyewe siku hizi hayana adabu. Maliza mavuno kwanza, mwanangu. Ukweli hauozi. Ngano inaoza."

Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa amekosea. Restituta alikula wali uliopoa akitazama ukuta wa mabati.

4

Siku mawingu yalipofika juu ya mlima, yalikuwa yamebaki mashamba matatu. Walianza kabla jua halijatoka. Utani wa asubuhi ulipita kwa shida. Bwana Harusi alirusha neno mara tatu kabla ya kukubali kuwaka, na alipokuwa akishuka kuelekea shamba la Mzee Sulle alikuwa kimya kuliko kawaida.

"Bibi," alisema hatimaye. "Kikohozi kimekwenda wapi?"

"Kimenichoka. Kimetafuta msichana."

"Vizuri." Visu viliendelea kukata. "Kilikuwa kibaya. Jioni ya mwisho ulishindwa kumaliza sentensi. Ulikuwa unaniambia habari za lori. Halafu redio ikabaki wazi, nikasikia nyumba nzima: jogoo, maji yanayodondoka, watu wanaoingia wakilia. Halafu mtu akaizima. Nikaita. Niliita siku zile zote, bibi, sijui kama sauti ilifika. Ndani ya godauni hakuna pa kutazama. Nilidhani labda nimekukosea."

Restituta alikuwa amekaa juu ya ndoo ya grisi. Aliiona ile nyumba, akajiona akiingia na begi lake, na mkono wake mwenyewe ukiichukua redio mezani na kuizima kwa sababu ilikuwa ikipiga kelele ambayo hakuielewa. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Pole," alisema. "Pole sana. Hukunikosea kitu."

Kule shambani visu vikasimama.

Bibi na mjukuu wa utani hawapeani pole namna hiyo. Anjelina hakuwahi, Emiliana hakuwahi. Bibi angesema: ulitaka nikubebe mgongoni kama mtoto? Bibi angesema: ungekosea ningekuuza kama chuma chakavu. Neno la upole, lililotoka kwa dhati, lilikuwa neno la mgeni.

"Bibi hajawahi kuniambia pole," alisema Bwana Harusi.

Mlango wa stoo ukafunguka kwa kishindo. Mzee Lagwen alikuwa amekimbia. Alikuwa na redio yake ya kusikilizia sikioni. Hakutoa sauti, ila midomo yake ilisema waziwazi: Mtanie! Mtanie! Akaunganisha viganja kama anayeomba.

Utani ulikuwepo. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, tena mzuri, wa mama yake: nimekupa pole kwa sababu leo nakuacha, naolewa na trekta. Bwana Harusi angecheka, visu vingezunguka, ngano ya Bibi Natalia ingeingia ndani kabla ya tone la kwanza. Na jioni angefunikwa turubai. Na kuku mwekundu, na habari za lori, vyote angevipata Restituta kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kutoka kwa mtu anayeita gizani.

Alibonyeza kitufe.

"Mimi siyo bibi," alisema. "Naitwa Restituta. Bibi Anjelina alifariki zamani sana. Aliyekuwa anakujibu baada yake alikuwa mama yangu, na yeye amefariki mwaka huu. Ndiye uliyemsikia. Hukukosea. Sisi ndio tuliokosea."

Mzee Lagwen alikaa chini palepale kizingitini, akajishika kichwa.

Redio ilikuwa na mkwaruzo tu. Nje, mbali, injini iliendelea kunguruma bila kwenda popote. Restituta alihesabu kwamba sasa ingezima. Haikuzima.

"Nimesikia," alisema Bwana Harusi. Kicheko kilichokuwa kikifichwa kwenye sauti yake siku zote hakikuwemo. "Kiapo changu kinakaa kwenye kuwasha. Kwenye kutembea hakimo. Sitawaka tena, Restituta. Lakini sasa hivi nimewaka. Mkinijazia dizeli bila kunizima, nitakwenda. Yamebaki mashamba ya nani?"

"Hili la Mzee Sulle. La Axwesso. Na la Bibi Natalia Tlehema, kule bondeni."

"Mvua iko karibu. Nasikia unyevu kwenye suke." Kisha akauliza, "Jicho langu halijawahi kukuona. Unaweza kuja?"

5

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti cha dereva. Restituta alifuta vumbi kwa kanga akaketi. Kioo kidogo kilichokuwa juu ya usukani kiligeuka taratibu, kikamtazama.

"Pua ya Anjelina," alisema Bwana Harusi.

"Ya ukoo wote. Hatuwezi kuificha."

Wakaenda. Sasa kwa kuwa hakukuwa na siri tena, watu walipaza sauti. Fundi Yeremia alikimbia kando ya kombaini na dumu, akapanda ngazi, akamimina dizeli kwenye tangi huku mtambo ukitembea, akilaani na kucheka kwa pamoja. "Ikizima mikononi mwangu nahama kijiji!" alipiga kelele. Tela ilikuja ubavuni kupokea ngano bila kombaini kusimama. Mzee Sulle, aliyekuwa amezoea kunyamaza kila Bwana Harusi alipopita shambani kwake, alivua kofia akasema kwa sauti ya kigugumizi, "Ahsante, baba." Bwana Harusi akamjibu, "Karibu, mzee. Mwakani panda mistari imenyooka." Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba hakuna mwakani, wakaacha.

Bonde la Bibi Natalia lilikuwa na mawe. Bwana Harusi alilikata polepole, akiinua na kushusha visu kama mtu anayechambua mchele. Mwenye shamba alikuwa amekaa juu ya ukingo na mwavuli uliofungwa, akitazama mbingu kama anayemtazama mdeni wake.

"Niambie jina la yule aliyekuwa anakohoa," alisema Bwana Harusi. "Jina lake mwenyewe."

"Emiliana."

"Emiliana," alirudia. Alikaa nalo kwa mistari miwili mizima. "Alikuwa mcheshi kuliko Anjelina. Nilidhani bibi amechangamka uzeeni."

Restituta alicheka, na machozi yakaja humohumo ndani ya kicheko. Akamweleza. Kwamba Emiliana alikuwa akipenda chai ya tangawizi kali ya kuunguza koo. Kwamba alipokuwa anafua aliimba vibaya. Kwamba ugonjwa aliuficha kwa kila mtu kwa sababu aliogopa kusumbua, na kwamba yeye, binti yake, alifika mama akiwa amekwisha kulazwa chini na kufunikwa shuka. Hakuwa amemweleza mtu mambo hayo. Watu walikuwa wamempa pole nyingi, lakini hakuna aliyemwuliza.

"Alikuwa anakuambia habari za lori," alisema Restituta. "Zilikuwaje?"

"Alisema kila jioni kuna lori linapanda kutoka Katesh. Akilisikia anatoka nje kusimama barabarani, labda limekuleta. Halafu likipita anarudi ndani kuniambia habari za lori: lilikuwa la mbuzi, lilikuwa la mbao. Hakuwa analalamika. Alilifanya kuwa utani. Siku moja alisema lilikuwa limebeba makochi, akasema, umeona, binti yangu ametanguliza viti."

Suke la mwisho liliingia. Mbele yao hapakubaki ila mabua. Ngurumo ya radi ilitembea juu ya mlima na matone makubwa yakaanza kupiga bati.

Mzee Lagwen alikuwa amefika na dumu jingine. Alipanda ngazi kwa shida, akaegemea mlango wa kibanda, maji yakimtiririka kofiani. Hakuonekana na hasira tena, alionekana mzee.

"Nimefikiri," alisema. "Isizimwe. Tutairudisha godauni ikinguruma, tutapokezana kujaza. Ikiwa kwenye kiapo cha kuwasha tu ndiko kuna shida, basi hatutaiwasha tena, haitazimwa. Mwakani itavuna."

Restituta alimtazama. Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa, kwa kweli, wazo alilokuwa akilitaka kwa moyo wote, tangu neno la kwanza kuhusu lori. Mama yake alikuwa na jioni nyingi humo ndani. Kuku, mvua, majirani, jogoo. Lita chache kwa siku, na angeweza kusikia zote.

"Nikikuzima sasa," alimwuliza Bwana Harusi, "nini kitakachofungwa?"

"Vyote. Na mimi humo, hata kama betri inachaji. Kiapo hakiachi kitu."

"Na wewe unataka nini?"

Kioo kidogo kiligeuka kutazama mvua, kikarudi kwake.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema Bwana Harusi. "Acha nitafute." Mvua ilizidi. Fundi Yeremia na wengine walikuwa wakipigana na turubai juu ya tela. "Kungoja niliweza, Restituta. Sikuchukia kungoja. Lakini nilikuwa na mtu wa kungojea. Nikiwa godauni nikinguruma, nitakuwa namngojea nani? Wewe utakuja kwa ajili yake, siyo kwa ajili yangu. Utanikamua kama ng'ombe, halafu nitaisha."

Restituta alifumba macho. Ilikuwa kweli, na ilisemwa bila ubaya.

"Mzee Lagwen," alisema, "hiyo dizeli iteremshe."

"Resti! Na mwakani? Unawaambia nini hawa?"

"Ipo ile mashine ya kuvunia ya kukokotwa. Ile iliyo nyuma ya plau, tunayoipaka rangi kila Nane Nane."

"Ile haina akili hata kidogo! Inataka watu. Mmoja wa kuongoza, wa kufunga miganda, wa kubeba, wa kupura. Inataka watu wengi!"

"Basi itabidi tuwe na watu wengi," alisema Restituta. "Nitakwenda kuwaita. Nawajua wanakokaa, nilikuwa nao."

Mzee Lagwen aliliinua tena dumu. Akateremka ngazi na dumu lake, hatua moja moja.

Restituta hakugusa swichi. Tangi lilikuwa na kidogo kilichobaki, na Bwana Harusi alisema angependa kiishe chenyewe. Wakakaa wakitazama mvua ikilowesha mabua yasiyo na kitu cha kupoteza. Waliongea vitu vidogo. Bwana Harusi alimwuliza kama mjini kuna mvua ya namna hii, naye akasema ipo, ila haina harufu. Injini ilianza kukosa pumzi.

"Hujanitania hata mara moja," alisema Bwana Harusi. "Wewe mwenyewe, kwa utani wako."

"Sijui. Mimi siyo mcheshi. Kazini walikuwa wananiita Jiwe la Kusagia."

"Hilo siyo utani?"

"Ni kweli tupu."

Kutoka ndani ya bati, kwa mbali, kile kicheko kikarudi, na kilipokuwa bado kinaendelea injini ilikata. Kioo kidogo juu ya usukani kilibaki kimeelekea kwake. Aliita mara moja. Mvua ndiyo iliyojibu.

Alikaa mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha akafunga mlango wa kibanda vizuri, akateremka kwenye tope. Kule kwenye tela walikuwa wakihamisha ngano kwenye magunia ili kuikimbiza ndani, na Bibi Natalia alikuwa akiwagombeza kwa kumwaga, mwavuli wake bado umefungwa.

"Wewe binti, umesimama nini?" alisema. "Njoo ushike huku."

Restituta alishika pembe moja ya gunia. Ngano ilikuwa bado ya moto.